Kuanzisha chama chako au kudandia kilichopo?

Mwanasiasa akitoka chama chake, aanzishe kipya au ajiunge na kingine? Hii mada haiishi vijiweni Moshi na Arusha, hasa Vunjo na Monduli maana wao wamewaona wanasiasa wao, Mrema na Lowassa, wakitoka CCM. Kwa gharama kudandia kunashinda mbali, ofisi zipo mawakala wapo, cha kwako sheria inataka wanachama 200 kila mkoa, kwenye mikoa mingi, Unguja na Pemba zikiwemo. Kura nazo hivyohivyo, kwenye urais Mrema na NCCR 1995 karibu asilimia 28, Lowassa na CHADEMA 2015 karibu 40.

Shida kudumu aisee. Mgeni kwenye nyumba ya watu ni ugomvi tu, Mrema akahamia chama kingine, TLP, Lowassa akarudi CCM 2019. Hapo chama kipya kina pointi, ACT-Wazalendo ya 2014 bado ipo (ila Maalim Seif wa Zanzibar na watu wake waliotoka CUF waliibeba sana).

Kwenye nchi zinazotawaliwa na vyama viwili vikubwa ndo balaa, Uingereza wanasiasa walijitoa chama cha Labour 1981 wakaanzisha SDP, 1983 wakiungana na chama cha Liberal wakapata robo ya kura, lakini viti vya ubunge 23 kati ya 650! Kura zilitawanyika majimboni.

Kwahiyo kama una ngome yako, anzisha. Kama wafuasi wako wametawanyika, dandia. Kama ni hasira za kukatwa kura za maoni tu, mi ningebaki ndani.