Makumbusho ya Van Gogh, Amsterdam: anza na viazi, usikimbilie alizeti

Tiketi hununuliwa mtandaoni tu, kwa saa maalumu. Ukienda mlangoni mikono mitupu, utageuzwa. Chagua saa ya kwanza ya asubuhi, kabla picha ya "Alizeti" haijazingirwa na watu. Walio chini ya miaka 18 huingia bure. Mwongozo wa sauti unalipiwa kando, lakini unafaa.

Wengi huamini kwamba ugonjwa wa akili ndio uliompa mchoraji Vincent van Gogh rangi zake kali. Ili kuona kama ni kweli, fuata miaka. "Wala Viazi" ya 1885, aliyoichora Nuenen, ni kahawia na kijani kizito. Nyuso zina rangi ambayo mwenyewe aliifananisha na kiazi chenye vumbi, hakijamenywa. Halafu tulia kwenye picha za Paris, 1886 hadi 1888. Hapo ndipo rangi zinapofunguka, na wakati huo hakuwa amelazwa popote. Alikuwa anaona kazi za wenzake na kukusanya picha za Kijapani zilizochapwa kwa vibao, mamia kwa mamia. Anayesema manjano yake kali ililetwa na ugonjwa amekipita chumba hiki mbiombio.

"Chumba cha Kulala" cha Oktoba 1888 kinahitaji jicho la pili. Kuta unazoziona za bluu alizipaka zambarau hafifu. Alichanganya bluu na nyekundu isiyostahimili mwanga. Nyekundu ikapauka, bluu ikabaki. Ubaridi huo wengi huusoma kama huzuni ya mchoraji, kumbe ni rangi iliyochuja.

Ukiwa na muda mchache, upeleke kwenye "Mlozi Uliochanua" wa Februari 1890. Aliuchora akiwa hospitali ya wagonjwa wa akili Saint-Rémy, kwa ajili ya mtoto mchanga wa nduguye Theo. Sogea karibu: matawi yamezungushiwa mstari mweusi kwa mtindo wa Kijapani, na mkono haukutetemeka. Maua nayo yalikuwa na uwaridi zaidi kuliko leo. Muda mfupi baadaye akaugua tena, kazi ikasimama. Ndivyo ilivyokuwa mara nyingi: katika shambulio la kiangazi cha 1889 alikula rangi zake, akazuiwa kuchora kwa muda. Picha hizi ni matunda ya siku za nafuu.

"Usiku wa Nyota" usiutafute hapa, uko New York. Na "Shamba la Ngano Lenye Kunguru" si kazi yake ya mwisho, ingawa wengi huipigia picha wakiamini hivyo. Ya mwisho ni "Mizizi ya Miti", Julai 1890, ambayo hakuimaliza. Waulize wahudumu imetundikwa wapi.