Safari za siku moja za mbio za milimani kutoka Nairobi: ipi inastahili pesa zako?

Mabango ya safari za mbio za milimani husambazwa kila wiki katika vikundi vya WhatsApp vya wakimbiaji wa Nairobi, na mengi hutaja mambo matatu tu: jina la mlima, bei, na saa ya gari kuondoka mjini. Jambo lenye uzito kuliko yote hayo kwa kawaida halitajwi, nalo ni idadi ya waongozaji watakaokimbia pamoja na kundi na nani kati yao atakaa nyuma kabisa. Kundi linalotembea haliachani sana, kwa hiyo mwongozaji mmoja anaweza kulitunza. Lakini wakimbiaji ishirini wakifunguliwa njia, baada ya saa moja wa kwanza na wa mwisho wanaweza kuwa wametengana kwa kilomita tatu au nne, na hakuna mwongozaji, hata awe hodari kiasi gani, anayeweza kuwa katika ncha zote mbili. Safari nyingi zinazouzwa kama mbio kwa kweli ni za kupanda mlima kwa miguu zilizobadilishwa jina tu.

Nimezipanga safari zifuatazo kwa kuangalia kwanza jinsi mahali penyewe panavyorahisisha kusimamia kundi lililotawanyika, kisha urefu wa safari ya gari, kisha ubora wa njia. Mnunuzi ninayemfikiria anaweza kukimbia kilomita 10 za lami bila kusimama, lakini bado hajauzoea mlima.

Nafasi ya kwanza naipa Milima ya Ngong, bila kusita. Njia hupita juu ya mgongo wa milima, kilele baada ya kilele, na kwa sehemu kubwa ni nyasi wazi, kiasi kwamba mwongozaji aliye kileleni huweza kuwaona wakimbiaji wa mbele na wa nyuma kwa pamoja. Lamwia, kilele kirefu kuliko vyote, kina mita 2,460, kimo ambacho mkazi wa Nairobi hukimudu bila taabu kubwa kwa sababu mji wenyewe uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kinachochosha ni kupanda na kushuka kusikokwisha, pamoja na upepo. Si bure kwamba mitambo ya kufua umeme wa upepo ilijengwa hapo. Mteremko wa udongo ulioloa huteleza vibaya sana, na tope hujaa kwenye soli hadi meno ya kiatu hayashiki tena, kwa hiyo mwongozaji mzuri huwaamuru watu watembee hapo hata kama wanajiona wana nguvu. Zamani wageni waliporwa katika milima hii, na ndiyo maana makundi huombwa yasindikizwe na askari wa Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Uliza mapema kama ada ya askari imo ndani ya bei. Uliza pia mbio zinaishia wapi, kwa maana kuna wanaomalizia upande wa Kona Baridi, gari likiwa limetangulia kuwasubiri, na kuna wanaorudi njia ileile hadi lango la Ngong, jambo linaloongeza umbali karibu maradufu. Anayetaka kupunguza gharama anaweza kupanda matatu ya 111 hadi Ngong na kulipia uongozaji peke yake.

Longonot inafuata kwa karibu. Mlima huu wa volkeno ulio karibu na Naivasha una njia moja ya kupanda kutoka langoni hadi ukingo wa kasoko, yaani shimo kubwa la volkeno lililo juu, takriban kilomita 3, kisha mzunguko wa kilomita 7 hivi unaomrudisha kila mtu pale alipoanzia, kwa hiyo ni vigumu kupotea. Kilele kina mita 2,776. Ubaya wake ni vumbi na jua. Majivu ya volkeno ni laini kama unga, hujaa kwenye viatu vya chini, na maji ya mvua yamechimba mifereji ambayo katika baadhi ya sehemu ni myembamba kiasi kwamba mguu mmoja hutangulia mwingine kwa shida. Sehemu ya mwisho kuelekea kileleni ni mwinuko mkali ambao wengi huupanda wakishika ardhi kwa mikono, na anayeahidi kwamba mtaukimbia wote hajui anachokiuza. Njiani hakuna maji. Lita mbili kwa kila mtu ndicho kiwango cha chini ambacho ningekubali, na gari linaloondoka Nairobi baada ya saa kumi na mbili asubuhi limechelewa, kwa sababu kundi litakuwa ukingoni jua likiwa kali.

Msitu wa Kereita, upande wa kusini wa milima ya Aberdare karibu na Kimende, ndio wenye njia ninazozipenda kuliko zote: kivuli, udongo unaobonyea kidogo, mianzi na vijito. Nimeuweka nafasi ya tatu kwa sababu moja tu: njia zake hugawanyika mara kwa mara, na aliyebaki nyuma mita mia mbili anaweza kushika njia ya kushoto wakati wenzake wamepita kulia. Tembo nao ni wa msitu huu. Kama mwandaaji ana mwongozaji wa mbele na wa nyuma, na huwasimamisha watu kwenye kila njia panda hadi wa mwisho afike, basi Kereita inapanda hadi nafasi ya kwanza. Kama hana, usinunue.

Elephant Hill, unaopandwa kutoka Njabini, ni mlima wa kuheshimiwa, nao huuzwa kwa watu wasiostahili kupelekwa huko. Unazidi mita 3,600, na katika kimo hicho mgandamizo wa hewa ni karibu theluthi mbili tu ya ule wa pwani. Joto nalo hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mkimbiaji aliyeloa jasho akisimama kwenye ukungu na upepo bila koti la mvua huanza kutetemeka baada ya dakika chache. Baada ya mianzi na tope kuna mahali ambapo wapandaji wamepaita pa kukata tamaa. Mwulize mwandaaji swali hili: saa ngapi kundi litageuka hata kama halijafika kileleni? Asiyekuwa na jibu la haraka usimpe pesa zako.

Mlima Kenya kwa siku moja, kutoka lango la Naro Moru hadi kituo cha hali ya hewa chenye kimo cha mita 3,050, una njia nzuri sana, lakini kutoka Nairobi utakaa garini muda mrefu kuliko utakavyokuwa mlimani. Ulale Naro Moru, au uuache. Mlima Kilimambogo, karibu na Thika, nako kuna nyati wengi, na si mahali pa kukimbia. Msitu wa Karura, ulio ndani ya Nairobi, hauhitaji mwongozaji. Lipa kiingilio ujifanyie mazoezi.

Kuhusu malipo, taka kuona leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na lipa kwa nambari ya M-Pesa ya till au paybill yenye jina la biashara, si kwa simu ya mtu binafsi. Bei itaje waziwazi kiingilio, usafiri na askari, kwa kuwa hifadhi za Shirika la Wanyamapori (KWS) hulipiwa kupitia eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni; kwa hiyo beba kitambulisho. Mwandaaji anayejali atakuuliza wewe pia maswali: una pumu, unatumia dawa gani, ndugu yako apigiwe nambari ipi. Kati ya Machi na Mei mvua ya masika huharibu njia za Aberdare, hivyo kabla ya kuweka arubuni kwa tarehe za miezi hiyo, pata kwa maandishi masharti ya kurudishiwa pesa safari ikiahirishwa.