Kigari cha gofu cha petroli cha mtumba, nimekaa nacho mwaka na nusu, haya ndo niliyoyaona

Nianze na hili, sichezi gofu na sijawahi hata kushika ile fimbo. Kigari nilikitaka kwa kazi za nyumbani tu, kubeba kuni, mifuko ya mbolea, takataka hadi getini, na mama ambaye magoti yake siku hizi hayataki mwendo mrefu. Nikapata kimoja cha petroli, kimekaa kaa, siti zimechanika lakini bodi nzima. Chapa siitaji maana matatizo niliyoyakuta yalitoka kwa aliyekuwa nacho kabla yangu, sio kiwandani.

Kwanini petroli na sio cha umeme? Cha umeme kimya kweli na hakinuki, ila mara nyingi kina betri kubwa nne au sita au zaidi chini ya siti na zikichoka zinachoka pamoja, ukija kuzinunua zote unajiuliza kama hujanunua kigari mara mbili. Cha petroli kina betri moja ya volti 12, basi. Na injini yenyewe ni ndogo, fundi yeyote anayejua pikipiki au jenereta hatakushangaa ukimpelekea.

Ila kuna kitu cha kuzoea. Ukiwasha ufunguo hakuna kinachotokea, kimya kabisa, mimi siku ya kwanza nilidhani kimekufa. Ni mpaka ukanyage pedali ya mafuta ndo stata inazungusha injini na kigari kinaondoka, ukiachia pedali injini inazima. Na hiyo stata ndo hiyo hiyo jenereta inayochaji betri, kitu kimoja kazi mbili, kimefungwa kwa mkanda wake pembeni ya injini, kwahiyo mkanda huo ukilegea unapata shida mbili kwa mpigo, kuwasha shida na betri haijai. Na betri ikifa usijidanganye eti utaita watu wasukume kama gari la manyuo, hakiwaki hiki, maana kigari kikisimama puli zinakuwa zimeachia mkanda mwingine, ule unaoendesha magurudumu, mtasukuma mpaka mchoke na injini haitazunguka hata kidogo.

Sasa kwenye kununua. Mimi nilipofika muuzaji alikuwa ameshakiwasha ananisubiri, mguu kwenye pedali, kinanguruma vizuri, nikafurahi kama mtoto. Kosa hilo. Mwambie kabla hujafika asikiwashe, ukifika weka mkono kwenye injini, iwe baridi, halafu ukanyage mwenyewe. Kinachowaka kikiwa cha moto sio lazima kiwake asubuhi. Moshi wa bluu unaoendelea maana yake kinakula oili, mweusi ni petroli imezidi au chujio la hewa limeziba, huo wa pili wala usikukimbize. Inama uangalie chasisi, hasa chini ya betri na sehemu za kukanyaga. Club Car wanatumia chasisi ya alumini kwahiyo kutu sio hadithi kubwa kwao, E-Z-GO na Yamaha ni chuma, hapo bonyeza na bisibisi kabisa usione aibu, kama inazama achana nacho hata kama injini inaimba. Pia tafuta namba ya chasisi ujue mwaka, kwa Club Car ni rahisi, herufi mbili za mwanzo halafu tarakimu mbili zinazofuata ndo mwaka. Muuzaji wangu alisema "sio cha zamani sana". Kilikuwa cha zamani sana.

Haya, nimefika nacho nyumbani, wiki ya kwanza raha tupu, wiki ya pili kikaanza kukata. Tambarare kinakwenda, kikikuta kimlima kinakohoa halafu kinazima. Nikasema kabureta, na kweli nilipoifungua ilikuwa na utando wa petroli iliyolala humo sijui miezi mingapi, tundu zile ndogo zimeziba, nikasafisha, nikabadilisha plagi, nikabadilisha chujio la petroli. Afadhali kidogo lakini mlimani bado. Nikaanza kumlaumu fundi, fundi akaanza kulaumu petroli, tumezunguka hivyo karibu mwezi mzima yaani. Kumbe ni kimpira. Pampu ya mafuta ya hivi vigari vingi haina umeme wala nini, inasukumwa na pumzi inayotoka ndani ya injini kwa chini kule kwenye oili, inakuja na kimpira chembamba hadi kwenye pampu, sasa changu kilikuwa na ufa ambao huuoni mpaka ukikunje. Pumzi inavuja, pampu inapiga nusu nusu, tambarare inatosha, mlima hautoshi. Kimpira cha kipande kifupi kama kidole! Kama chako kinakata kikipewa mzigo, anza na vimpira ndo uende kwenye kabureta, mimi nilienda kinyumenyume.

Cha pili ni mkanda mkubwa, ule unaoendesha magurudumu. Injini ilikuwa inapiga kelele kubwa lakini kigari hakichangamki, na kwenye puli kumejaa unga mweusi. Yule bwana aliyekuwa nacho kabla yangu alikuwa amefunga mkanda wa gari, urefu unakaribiana kwahiyo akaona sawa, kumbe upana na pembe ya ubavu wake ndo kila kitu, kwasababu puli hizi zinajifunga na kujifungua zenyewe ili kubadili nguvu na spidi. Nikanunua mkanda wake halisi, kikawa kigari kingine kabisa. Na tafadhali usizipake oili hizo puli hata zikilia, zinatakiwa ziwe kavu, ukipaka mkanda unateleza.

Na alikuwa amekaza springi ya gavana, kile kifaa kinachozuia injini isizidishe spidi, ili kikimbie. Kiwandani vinawekewa kama kilomita 19 hadi 24 kwa saa, changu kilikuwa kinapita hapo, na breki zake ni za dramu kwenye matairi ya nyuma tu, za kebo, tena kebo moja ilikuwa imekamata kutu. Kona moja tu nusura tulale na kuni zetu. Nikairudisha springi ilipokuwa, mdogo wangu kanuna mpaka leo.

Matunzo ya kawaida ni machache. Oili nabadilisha mara moja kwa mwaka, au kila saa kama 100 za kazi. Matairi naweka psi 20 hivi, ukijaza kama ya gari kinaruka ruka na kumwumiza mtu mgongo. Kubadili mbele na rivasi subiri kisimame kabisa. Kama hutakitumia muda mrefu funga koki ya petroli kama kinayo, ukiendeshe mpaka kikauke chenyewe, usije ukakuta ule utando niliokuta mimi. Na usikiwashe ndani ya chumba kilichofungwa, moshi wa injini ndogo nao unaua.

Nakipa nyota nne. Ya tano nimekinyima kwa kelele, ukikaa siti ya nyuma huwezi kupiga simu.

Kilichobaki ni ule mlio wa rivasi, aliyekuwa nacho alikata waya sababu ulimkera. Na kweli unakera, nimeuunganisha wiki iliyopita na kila mtu hapa nyumbani analalamika, ila watoto wakiusikia wanatoka nyuma ya kigari wenyewe bila kuitwa, kwahiyo unabaki.