Kuhamisha mtoto kutoka shule iliyo chini ya uboreshaji Marekani: taarifa tunazipa alama nne kati ya tano, uhamisho wenyewe mbili kati ya tano

Barua ya kumjulisha mzazi kwamba shule ya mwanawe imewekwa kwenye mpango wa uboreshaji huandikwa kwa Kiingereza kizito, na ni rahisi kuichanganya na karatasi nyingine zinazorudi kwenye begi la mtoto. Familia zinazozungumza Kiswahili Louisville, Fort Worth, Des Moines au Portland ya Maine ziitafute. Ukiona herufi CSI, TSI au ATSI, ambazo ni ngazi za mpango huo, usitie saini kabla hujaelezwa zina maana gani.

CSI ndiyo ngazi nzito zaidi. Chini ya ESSA, sheria ya elimu iliyotiwa saini Desemba 2015, jimbo lazima litaje angalau mara moja kila miaka mitatu asilimia 5 ya shule za chini kabisa kati ya zile zinazopokea fedha za Title I (fedha za serikali kuu kwa shule zenye watoto wengi wa kipato cha chini), pamoja na shule za sekondari ambazo theluthi moja au zaidi ya wanafunzi hawahitimu. TSI na ATSI ni tofauti: shule kwa ujumla inaweza kuwa inakwenda vizuri, ila kundi fulani limeachwa nyuma, kwa mfano wanaojifunza Kiingereza, wenye ulemavu au wa kipato cha chini. Mzazi wa mtoto aliyewasili juzi kutoka Kigoma au Bukavu asiidharau TSI. Kundi linalotajwa huenda ndilo la mwanawe.

Upande wa taarifa anazopewa mzazi, mfumo huu unastahili sifa. Kila shule ya umma ina ripoti ya mwaka kwenye tovuti ya idara ya elimu ya jimbo, bure, bila kujisajili. Usianze na asilimia ya waliofaulu mtihani, kwa sababu namba hiyo inaeleza zaidi watoto walioingia pale kuliko kazi ya walimu. Anza na safu ya maendeleo, yaani watoto wamesogea kiasi gani tangu mwaka uliopita, kisha ile ya maendeleo ya lugha ya Kiingereza. Tazama pia utoro sugu, ambao kwa kawaida huhesabiwa kwa mtoto kukosa asilimia 10 ya siku za masomo, sawa na siku 18 katika mwaka wa siku 180. Ukikuta nyota au nafasi tupu penye kundi la mwanao, usidhani ni sifuri. Maana yake kundi ni dogo mno kutangazwa, na hapo itabidi umuulize mwalimu mkuu ana kwa ana.

Upande wa uhamisho ndiko alama zinakoshuka. Sheria iliyotangulia, NCLB ya 2002, ilimpa mzazi mkono wenye nguvu. Shule ya Title I ikikosa malengo miaka miwili mfululizo, wilaya ililazimika kumpa nafasi katika shule nyingine na kugharimia usafiri. Ikikosa tena, watoto wa kipato cha chini walipata na masomo ya ziada bila malipo. Kwa hayo mawili wilaya ilitakiwa kutumia hadi kiasi sawa na asilimia 20 ya mgao wake wa Title I. Hata hivyo, katika miaka ya mwanzo aliyehama alikuwa kama mtoto 1 kati ya 100 waliostahili. Barua nyingi zilifika shule zikiwa zimeshafunguliwa, na mahali pengine shule za jirani nazo zilikuwa kwenye orodha hiyohiyo.

ESSA ilibadili lazima kuwa hiari. Sasa wilaya inaweza kutoa uhamisho kwa watoto wa shule za CSI, na inaweza kutumia hadi asilimia 5 ya mgao kwa usafiri. Ikitoa, wa kwanza kuzingatiwa ni watoto wenye alama za chini zaidi kutoka familia za kipato kidogo, na aliyehamishwa ana haki ya kubaki mpaka amalize darasa la juu kabisa la shule hiyo mpya. Kwa hiyo swali la kwanza kwa ofisi ya wilaya ni hili: mnatoa uhamisho kwa shule za CSI, na basi mnalipa ninyi? Taka jibu kwa maandishi.

Jibu likiwa hapana, tazama sheria ya jimbo, maana mara nyingi ina mlango mpana zaidi. Texas ina mpango wa PEG kwa shule zenye alama duni: wilaya hutakiwa kuwajulisha wazazi kufikia Februari 1, na wilaya nyingine inaweza kumkataa mtoto, ila si kwa sababu ya alama zake, rangi yake au Kiingereza chake. Minnesota humruhusu mzazi kuomba shule nje ya wilaya yake, na siku ya mwisho ya kawaida ni Januari 15 kwa mwaka wa masomo unaofuata. Florida inaruhusu shule yoyote ya umma yenye nafasi, popote jimboni.

Tatizo ni basi. Florida, usafiri wa mtoto aliyehama kwa utaratibu huo kwa kawaida ni juu ya mzazi. Minnesota, wilaya mpya humchukua ndani ya mipaka yake, lakini kumfikisha mpakani ni kazi yako. Familia ambayo baba yuko zamu ya usiku na mama anaingia kazini saa 12 asubuhi haiwezi kuutumia uhamisho wa namna hiyo, hata shule iwe nzuri namna gani. Tunaona hapa ndipo mfumo mzima unapokwama, na wilaya inayotangaza uhamisho bila usafiri imewasaidia wenye magari tu.

Kabla ya kujaza fomu, piga simu shule unayoitaka na uulize ina walimu wangapi wa wanafunzi wanaojifunza Kiingereza. Wilaya nyingi hukusanya huduma za wageni katika shule chache, na mtoto anaweza kuhamia shule yenye alama za juu akakosa msaada aliokuwa akiupata. Mwenye IEP, yaani mpango wa elimu wa mtoto mwenye ulemavu, ataendelea kupata huduma zinazolingana akihama ndani ya jimbo, lakini beba nakala mwenyewe, kwa sababu faili huchelewa. Andaa pia cheti cha kuzaliwa au hati nyingine ya umri, kadi ya chanjo, mkataba wa nyumba au bili ya umeme. Hali ya uhamiaji si sharti la kusoma: Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1982 katika kesi ya Plyler.

Omba mkalimani. ESSA yenyewe inataka taarifa zimfikie mzazi katika lugha anayoielewa kadiri inavyowezekana, na mtoto asifanywe mkalimani wa kikao kinachomhusu yeye. Usimwondoe shule ya zamani kabla barua ya kukubaliwa haijafika mkononi, na uliza kama nafasi huombwa upya kila mwaka. Kijana wa sekondari anayecheza mpira aulize kwanza chama cha michezo cha jimbo, kwani kuhama bila kuhama makazi kunaweza kumfungia mechi kwa mwaka mzima.

Hiari haipo katika jambo moja. Mtoto aliyedhuriwa na uhalifu wa kikatili ndani ya eneo la shule, au anayesoma shule ambayo jimbo limeitaja kuwa ya hatari ya kudumu, lazima aruhusiwe kwenda shule nyingine salama ya umma katika wilaya yake. Peleka ombi kwa maandishi, ambatanisha ripoti ya tukio, na ubaki na nakala yenye tarehe ya kupokelewa.