Nyumba ya zege Kizingo: upepo wameufungia nje

Mnaopenda majumba ya kale na mnataka kulala kwenye hii nyumba ya zege ya Kizingo, Mombasa, nisomeni kwanza kabla hamjatuma pesa.

Tangazo lilisema ni jumba la miaka ya 1950, mtindo wa Ernst May. Nilifurahi mno. May ni yule Mjerumani aliyejenga mitaa ya Frankfurt kwa vipande vya zege vilivyomwagwa kiwandani, akaja Afrika Mashariki mwaka 1934, akajaribu Kampala kutundika vipande vya zege kwenye fremu, na Mombasa hii hii akachora hoteli ya Oceanic. Majumba ya enzi ile yaliheshimu upepo: vyumba safu moja, hewa iingie huku itokee kule, na kuta za matofali ya matundu zizuie jua bila kuzuia hewa.

Nafika, naona nini? Matundu yote ya upande wa bahari yamezibwa kwa simiti, rangi nyeupe juu, na kiyoyozi kimoja ukutani. Usiku stima ikapotea. Ni kaskazi, joto lake mwalijua. Nikambishia hodi msimamizi. Hata mlango hakuufungua vizuri.

"Mama, hii nyumba ya mzungu ya zamani, joto ndilo lake. Ukitaka upepo nenda ufuoni Mama Ngina."

Saa saba za usiku, na watoto! Uongo mtupu. Zege hushika joto la jua mchana kutwa, hulitoa usiku, ndiyo maana matundu yakawekwa. Mkiyaziba mmejenga tanuri, halafu mwamlaumu marehemu aliyechora.

Chakula kizuri, maji yapo.

Asubuhi nikatazama dari ya baraza: nyufa, na nondo za chuma zilizo ndani ya zege zimechungulia. Chumvi ya bahari huingia kwenye zege, nondo hushika kutu, huvimba, hupasua zege kwa ndani. Dawa ni kubomoa hadi kwenye chuma safi. Wao wamepiga plasta juu ya kutu! Kila kitu kwao ni kuziba.

Nilitaka kuwapa nyota tatu kwa ajili ya ngazi ya nyumba hiyo, maana sijaona ngazi nzuri kama ile Mombasa nzima. Nawapa moja. Nendeni mchana mkaione, ni haki yake kuonekana, lakini msilale.

Na wewe mwenye nyumba, mtafute fundi mwenye patasi na mkono mwepesi ayafungue matundu hayo. Niite nije nisimamie, sitaki malipo.