Miezi minane na kisomeo cha mitumba mjini Kisumu

Kisomeo changu, yaani kile kifaa bapa cha kusomea vitabu vya kielektroniki na ambacho hakina kazi nyingine yoyote, nilikinunua mwezi wa Februari kwa shilingi 9,500 kutoka kwa muuzaji wa Nairobi, ambaye alikitia katika boksi la viatu, akalijaza magazeti na kulipakia kwenye basi la usiku. Nilipokiwasha nilimkuta mwenyewe wa zamani bado yumo: vitabu vyake, mistari aliyoipigia alama, na kitabu cha kuwafunza watu kuweka akiba ambacho alikuwa amekiacha kikiwa kimesomwa asilimia 6 pekee. Nilifuta kila kitu nikaanza upya. Anayenunua cha mitumba na amwambie muuzaji aondoe akaunti yake kwanza, kwa maana kisomeo kilichofungwa kwa nywila ya mtu mwingine ni sawa na kibao cha kukatia nyanya.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kwa miaka mingi nilisomea vitabu kwenye simu hadi macho yakaanza kuniwasha. Isitoshe, simu haikuruhusu umalize sura moja kabla kundi la walimu halijatuma ratiba mpya ya mitihani. Kisomeo hakina kundi la walimu. Hiyo peke yake ilikuwa nusu ya thamani yake.

Nusu ya pili ni kioo chenyewe. Teknolojia hii ya wino wa kielektroniki iliendelezwa na kampuni ya E Ink, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1997 na watu waliotoka katika chuo cha MIT, na namna inavyofanya kazi inapendeza kuielewa. Ndani ya kioo mna vifuko vyenye upana unaokaribia ule wa unywele, na katika kila kifuko mna chembe nyeupe na nyeusi zenye chaji zinazopingana. Umeme ukipitishwa, za rangi moja hupanda na za rangi nyingine hushuka. Zikishatulia, hazihitaji umeme tena ili zibaki pale zilipo. Ndiyo sababu betri huliwa hasa unapofungua ukurasa mwingine au unapowasha taa ya kioo. Muuzaji aliniapia kwamba nitakaa mwezi mzima bila kuchaji. Kwa betri hii iliyochoka napata siku kumi na moja, na silalamiki, kwa kuwa katika siku hizo stima hupotea kwetu zaidi ya mara moja.

Jua la Kisumu, ambalo huigeuza simu kuwa kioo cha kujitazamia, ndilo linalokifaa kifaa hiki zaidi. Jumamosi moja nilikaa Dunga, ufuoni mwa ziwa, saa nane mchana, jua likiwaka juu ya maji, nikasoma sura tatu nikisubiri samaki wangu akaangwe, na kadiri mwanga ulivyozidi ndivyo herufi zilivyozidi kukolea. Kijana aliyeniletea ugali alikitazama kwa huruma akaniuliza, "Mwalimu, hii simu yako iliisha rangi?" Usiku mambo hugeuka kidogo. Ukiwasha taa ya kioo wakati wa vijidudu vya ziwani, watakujia kwa mamia, na kwa sababu kurasa hufunguliwa kwa kugusa kioo, mdudu mmoja aliwahi kunirudisha kurasa mbili.

Sasa nije kwenye tatizo lenyewe: kifaa hiki hakijui Kiswahili. Kamusi iliyokuja nayo ni ya Kiingereza, na ukibonyeza neno lolote la Kiingereza, hata likiwa limebadilika umbo, hupata asili yake mara moja, kwa kuwa kamusi hizo hutengenezwa pamoja na orodha ya maumbo ya kila neno. Niliipachika kamusi ya Kiswahili niliyoipata kama faili, nikabonyeza "asingalimkumbuka", nikaambiwa hakuna neno kama hilo. Sisi tunaona "kumbuka" limekaa pale mwishoni, lakini kisomeo hutafuta neno kuanzia herufi ya kwanza, na vitenzi vyetu huvalishwa nguo nyingi upande wa mbele. Kitenzi kimoja cha Kiswahili kina maumbo mengi mno kwa mtu kuyaorodhesha kwa mkono.

Kilichonichekesha zaidi ni ile alama ya ng'. Katika baadhi ya faili, kisomeo hudhani kwamba neno limeishia pale penye alama. Nilikuwa nikisoma habari za mzee aliyekwenda kung'oa jino, nikagusa neno hilo ili kuipima kamusi, nayo ikaniletea "oa: funga ndoa na mwanamke". Niliwaonyesha wanafunzi wa kidato cha pili, na tangu siku hiyo hakuna hata mmoja anayesahau kuandika ng' inavyotakiwa.

Kabla ya kununua nilichagua kwa makusudi kifaa ambacho, ukikichomeka kwenye kompyuta, hufunguka kama diski ya kawaida ili uweke na utoe faili mwenyewe. Habari iliyonifanya niamue hivyo ni ya tarehe 26 Februari 2025, siku ambayo Amazon iliondoa katika tovuti yake njia ya wateja kupakua vitabu walivyonunua na kuvihamishia kwenye Kindle, kisomeo cha kampuni hiyo, kwa waya. Kwa mtu ambaye intaneti yake hutegemea bando la siku, waya si jambo la kizamani. Vitabu vyangu navipanga kwa Calibre, programu ya bure ambayo imekuwapo tangu mwaka 2006, nayo hubadilisha faili kutoka mtindo mmoja hadi mwingine bila usumbufu mwingi.

Vitabu vya kutia humo, hata hivyo, ni vya Kiingereza kwa sehemu kubwa. Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, hunipa vya zamani bure, zaidi ya 70,000. Riwaya za Kiswahili ninazozitaka huuzwa kwa karatasi, na kwa ajili yake bado naenda duka la vitabu au maktaba kama zamani. Hadithi fupi za watoto za tovuti ya African Storybook, ambazo zipo kwa Kiswahili na hata kwa Kidholuo, nilimpakulia mpwa wangu kwa furaha nyingi. Lakini nilizipakua kama faili za PDF, ambazo kurasa zake hubanwa zilivyo zitoshe kioo, kwa hiyo maandishi yalitoka madogo kama ya risiti, na picha zote zikawa za kijivu. Mtoto alisoma kurasa mbili kisha akaomba simu.

Mwezi uliopita tundu la chaji lililegea. Fundi mmoja wa simu alilichomelea kwa shilingi 600, na sasa linachaji mradi waya uegemezwe kwa kitabu, cha karatasi. Kwa shilingi 9,500 sijutii. Ningekuwa nimetoa 20,000, ningalikuwa nimekwisha kukiuza.