Olivetti Lettera 32: taipureta ipo, wenyewe hawapo

Kwa sura, Lettera 32 haijazeeka. Marcello Nizzoli aliibuni kwa ajili ya Olivetti ya Italia, ikatoka mwaka 1963 kuirithi Lettera 22, na hadi leo ukiitoa kwenye mkoba wake wa zipu inapendeza kuliko printa nyingi. Ina uzito wa karibu kilo 6, upana wa sentimita 34 hivi na kimo cha 10. Haina waya wala betri.

Ugumu wa kuinunua leo hauko kwenye chuma chake. Taipureta ilikuwa na wenyewe wawili: mhazili aliyeijua kwa vidole, na fundi aliyepita ofisini mara kwa mara na brashi, bisibisi nyembamba na chupa ndogo ya mafuta. Kompyuta iliwaondoa wote wawili. Ukiinunua, kazi zao zote zinakuangukia wewe, kwa hiyo tunaipima kwa jicho hilo.

Tuanze na ya fundi. Usimlipe muuzaji kabla hujaweka karatasi na kuandika HhHhHh mstari mzima. Miguu ya herufi kubwa na ndogo ikae kwenye mstari mmoja. Ikipishana, skrubu zinazozuia mwendo wa kitufe cha herufi kubwa zimelegea au zimechezewa. Kisha andika haraka, bila huruma. Nafasi zikiruka zenyewe, utaratibu unaosogeza keriji (sehemu ya juu inayotembea na karatasi) hatua kwa hatua ni mchafu au umelika. Keriji ikigoma kabisa, usikimbilie kusema imekufa: angalia kwanza kama kufuli lake limefungwa, halafu kama imefika pembezoni. Yakiwa sawa hayo, huenda kamba inayoivuta imekatika au imechomoka kwenye springi. Kamba hubadilishwa, ila springi hiyo ina nguvu. Ukiiachia ghafla inafunguka yote na kuikaza upya kunahitaji subira.

Bonyeza ukucha kwenye rola, silinda ya mpira inayozungushiwa karatasi. Mpira mzima hubonyea kidogo. Uliokauka huwa kama mfupa: karatasi inateleza, kelele inaongezeka, na herufi o inatoboa karatasi. Kuweka karatasi ya pili nyuma ya ile unayoiandikia kunapunguza madhara, lakini dawa ya kweli ni kuivalisha rola mpira mpya, na wanaoifanya kazi hiyo wamebaki wachache.

Kasoro tunayoikuta kuliko zote ni mikono ya herufi inayopanda na kusahau kushuka. Wengi hupuliza mafuta kwenye kile kitako chenye mianya ambamo mikono imepangwa kama meno ya kitana. Siku hiyo mashine inateleza kama mpya. Baada ya wiki chache mafuta yamenasa vumbi na unga wa raba, yamekuwa gundi, na hali ni mbaya kuliko mwanzo. Njia sahihi ni hii: tandika kitambaa chini, chovya brashi kwenye tapentaini kidogo, sugua mianya, bonyeza vitufe vyote mara kadhaa, futa uchafu unaotoka. Rudia mara 3, kisha iache ikauke. Usitie mafuta hapo, hata tone. Thina na spiriti ziweke mbali na bodi, maana zinaweza kula rangi.

Utepe wa wino ni jambo dogo. Upana wake ni milimita 13, bado unatengenezwa, lakini usitupe vigurudumu vya zamani: uzungushie utepe mpya humo humo, ndivyo unavyokaa sawasawa kwenye mashine.

Upande wa mhazili ndipo watu wanapokata tamaa. Chukua kichwa cha habari cha katikati ya ukurasa, kitu ambacho kompyuta inakifanya kwa bonyezo moja. Mashine ya herufi pana huandika herufi 10 kwa inchi, ya herufi nyembamba 12. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210, yaani nafasi 82 za herufi pana, na katikati yake ni 41. TAARIFA YA FEDHA ni herufi 14 na nafasi 2, jumla 16. Nusu yake ni 8. Sogeza keriji hadi 41, rudi nyuma mara 8, anza kuandika kwenye 33. Mhazili alifanya hesabu hiyo kichwani huku akisoma hatimkato yake, yaani maandishi ya mkato. Jedwali la tarakimu lilikuwa zito zaidi, kwa sababu kila tarakimu ilipangwa kutoka kulia: ukihesabu vibaya safu moja, karatasi nzima inaanza upya.

Lettera haikusaidii sana hapo. Vituo vya kurukia safu inavyo na vinafanya kazi vizuri, kengele inalia herufi chache kabla ya ukingo, na basi. Uamuzi wa kukata neno au kulishusha ni wako, ndani ya sekunde moja. Mashine nyingi za kizazi hiki hazina hata tarakimu 1. Unaandika l ndogo. (Anayeshangaa hili hajawahi kuandika mwaka kwenye mashine kuukuu.)

Kwa nakala za kaboni inafaa, ikiwa rola ni nzima: karatasi ya juu na nyepesi 2 au 3 chini yake zinasomeka bila shida. Zaidi ya hapo tungechukua mashine nzito ya ofisini, yenye pigo kali. Kila kosa hufutwa kwenye kila nakala, huku kipande cha karatasi kikiwekwa nyuma ya kaboni ili raba isipake wino nakala ya chini. Ukisahau kukitoa, neno la marekebisho linaandikwa juu ya kipande chenyewe. Kwa stensili, yaani karatasi ya nta ya kutolea nakala nyingi, swichi ya utepe ina alama nyeupe: utepe haupandi, chuma kinakata nta moja kwa moja. Safisha kwanza macho ya a, e na o, la sivyo nakala zitatoka na madoa meusi.

Fanya kazi hiyo siku moja tu utaelewa kwa nini ajira ile iliondoka. Mhazili alilipwa kwa sababu kosa lilikuwa na gharama: karatasi, kaboni, muda. Mashine za kuchakata maandishi, kisha kompyuta za mezani zilizoenea baada ya IBM kutoa yake mwaka 1981, zilifanya kosa lisigharimu kitu kabla ya kuchapa. Meneja mwenye vidole viwili akaweza kuandika barua yake mwenyewe, vibaya na polepole, lakini ikatoka safi.

Kwa anayeandika rasimu, barua au bahasha, Lettera 32 iliyosafishwa ni chaguo letu la kwanza kati ya mashine za kubebeka. Kwa majedwali, hapana. Ikiwa inatumwa kwa mzigo, mwambie muuzaji aiweke keriji katikati, aifunge kufuli, na ajaze sponji ngumu pande zote za rola. Keriji isiyofungwa hugonga ukuta wa boksi njia nzima, na inaweza kufika imepinda.